Kufundisha sini, kosini na tanjenti katika pembetatu mraba: maswali ya walimu wa sekondari Uganda

Ukurasa huu ni wa mwalimu wa hisabati wa sekondari ya chini, hasa anayeifundisha mada hii katika S3 (mwaka wa tatu wa sekondari) baada ya wanafunzi kupita mfanano wa maumbo na ukuzaji. Mzazi anayemsaidia mtoto nyumbani naye atafaidika, ila ajue kwamba majibu mengi yanachukulia darasa lenye wanafunzi 60 au 80 na mikebe michache ya jometri.

Siku ya kwanza nianze na nini?

Anza na rula na kipimapembe. Fomula acha kwanza. Gawa darasa katika vikundi vya watu watano au sita na uwape wote pembe moja, nyuzi 35. Kila kikundi kichore pembetatu mraba yenye pembe hiyo, lakini mstari wa chini utofautiane: kundi la kwanza sentimita 5, la pili 8, la tatu 10, la nne 12, kisha urudie kwa makundi yanayobaki. Wapime upande unaosimama, waugawe kwa mstari wa chini, waandike jibu ubaoni.

Wakichora vizuri watapata upande wa kusimama wa sentimita 3.5, 5.6, 7.0 na 8.4. Gawanya: 0.70, 0.70, 0.70, 0.70. Liache darasa liangalie namba hizo bila wewe kusema neno. Swali litatoka kwao: mbona pembetatu ni tofauti na jibu ni moja? Hapo ndipo somo linapoanzia. Waambie wapime na upande mrefu ulioinama (sentimita 6.1, 9.8, 12.2 na 14.6 hivi), wagawe tena. Kusimama kwa kuinama kutatoa karibu 0.57 kwa wote, na chini kwa kuinama 0.82.

Nyuzi 35 zinafaa kwa sababu tanjenti yake ni 0.7002, namba inayosomeka vizuri kwenye rula. Ukichukua nyuzi 37 au 41 somo litakwenda, lakini desimali zitawachosha kabla hawajaona lililo muhimu.

Makundi mengine yamepata 0.68 au 0.72. Nifanye nini?

Usifute. Kosa la milimita moja kwenye pembetatu ya sentimita 5 linaligeuza jibu kuwa 0.68 au 0.72, kosa lilelile kwenye ile ya sentimita 12 linatoa 0.69 au 0.71 tu. Waonyeshe hilo, na utakuwa umewafundisha kwamba mchoro mkubwa hupima vizuri zaidi. Jibu likiwa 1.4, huyo amegawa kinyume: chini kwa kusimama. Likiwa karibu na 1.4 kwa kundi zima, sababu ni moja. Likitofautiana ovyo, kagua kama pembe mraba yao ni nyuzi 90 kweli. Wengi huikadiria kwa macho.

Kwa nini uwiano haubadiliki pembetatu ikikua?

Kwa sababu pembetatu mraba mbili zenye pembe kali moja iliyo sawa zina pembe zote tatu sawa, kwa hiyo zinafanana. Zikifanana, ukiuzidisha upande mmoja kwa 3, pande zote zimezidishwa kwa 3, na ile 3 inajifuta ukigawa. Mwanafunzi asiyelielewa hili atakariri sini kama jina la kitufe. Kipindi kizima cha kurudia mfanano kabla ya mada hii hakijapotea. Tungekitetea hata mbele ya mkuu wa idara anayehesabu wiki za muhula.

Nitumie maneno gani ya Kiswahili?

Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima shule za msingi na sekondari, lakini hisabati bado inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili hapa ni cha kufafanulia, hasa darasani ambamo wanafunzi wametoka lugha nyingi, au shuleni karibu na mpaka ambako watoto wanakiongea kila siku.

Tunatumia haya: upande ulio mbele ya pembe mraba ni haipotenusi, ulio mbele ya pembe unayoishughulikia ni mkabala, unaoigusa pembe hiyo bila kuwa haipotenusi ni jirani. Sini ni mkabala kwa haipotenusi, kosini ni jirani kwa haipotenusi, tanjenti ni mkabala kwa jirani. Alama za sin, cos na tan haziguswi. Lililo muhimu ni kila neno la Kiswahili lifungwe na lile la Kiingereza kwenye mchoro uleule, ili mtoto asije akakwama kwenye karatasi ya mtihani.

Wanafunzi wanachanganya mkabala na jirani. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi tatizo ni michoro yetu. Tukichora kila pembetatu na pembe mraba chini kulia na pembe θ chini kushoto, mtoto anajifunza kwamba mkabala ni “mstari unaosimama” na jirani ni “mstari wa chini”. Siku pembetatu inapogeuzwa, amepotea. Ndiyo maana maneno “kusimama” na “chini” tuliyoyatumia siku ya kwanza yasivuke siku hiyo.

Chora pembetatu ileile mara nne ubaoni: imesimama, imelala, imepinduliwa, na moja haipotenusi yake ikiwa sakafuni. Utaratibu wa kutaja majina ni huu, na usibadilishwe:

1. Tafuta pembe mraba. Upande ulio mbele yake ni haipotenusi. Huu haubadiliki hata ukihamia pembe nyingine.
2. Weka kidole kwenye pembe uliyopewa. Upande ambao kidole hakiugusi ni mkabala.
3. Uliobaki ni jirani.

Kisha hamisha kidole kwenye pembe kali ya pili ya pembetatu hiyohiyo. Mkabala na jirani vimebadilishana viti. Fanya hivi mara kumi kwa mdomo, bila hesabu yoyote. Dakika kumi hizi zinaokoa wiki mbili.

Kubadilishana huko ndiko kunakoeleza kwa nini sin 35 na cos 55 ni namba moja, 0.5736. Silabi “ko” katika kosini inatokana na wazo hilohilo: ni sini ya pembe inayokamilisha nyuzi 90.

Vipi kuhusu SOHCAHTOA?

Hiki kifupisho cha Kiingereza cha kukumbukia sini, kosini na tanjenti ni kamba nzuri ya kufungia mzigo, ila mzigo uwepo kwanza. Itoe kipindi cha tatu au cha nne, wakati wanafunzi wameshapima. Anayependa ya Kiswahili anaweza kutumia SMH, KJH, TMJ: sini mkabala haipotenusi, na kuendelea. Ubaya wa kuanza nayo ni kwamba mtoto anaitumia popote aonapo pembetatu, hata isiyo na pembe mraba. Mpe zoezi moja lenye pembetatu ya nyuzi 50, 60 na 70 na uone wangapi wataandika tan bila kusita. Jibu sahihi kwa sasa ni “haiwezekani mpaka tuigawe kwa mstari wa kimo”.

Mwanafunzi atajuaje achague uwiano upi?

Aandike pande mbili tu: aliopewa na anaoutafuta. Upande wa tatu haumhusu. Akiwa na mkabala na haipotenusi, ni sini. Hana la kuchagua. Wanaokosea ni wale wanaoanza kwa kuandika fomula zote tatu kisha wanabahatisha.

Upande usiojulikana ukiwa chini ya mstari wa kugawa, wanazidisha badala ya kugawa.

Hili ndilo kosa lenye alama nyingi zinazopotea. Mfano: mkabala ni sentimita 6, pembe ni nyuzi 40, tafuta haipotenusi h. Wanaandika vizuri sin 40 = 6/h, halafu h = 6 × sin 40 = 3.86. Wafundishe hatua ya katikati isirukwe: zidisha pande zote kwa h, upate h × sin 40 = 6; kisha gawa kwa sin 40, h = 6 ÷ 0.6428 = 9.33.

Halafu wajizoeze kulipima jibu kwa jicho. Haipotenusi ndiyo ndefu kuliko zote. Jibu la 3.86 ni fupi kuliko mkabala wa 6, kwa hiyo ni kosa hata kabla ya kutafuta limetokea wapi. Tunamdai kila mwanafunzi aandike sentensi moja chini ya jibu: “9.33 ni zaidi ya 6, sawa.”

Kikokotoo kinatoa namba za ajabu. Kwa nini?

Kabla ya mtihani wowote kila mtoto abonye sin 30. Jibu likiwa 0.5, kikokotoo kiko kwenye nyuzi. Likiwa −0.988, kiko kwenye rediani, kipimo kingine cha pembe. Likiwa 0.454, kiko kwenye gradi, ambamo pembe mraba ina 100 badala ya 90. Hii ya mwisho ndiyo hatari zaidi, maana majibu yanafanana na ukweli na hayashtui.

Kukirudisha kwenye nyuzi, kwenye Casio fx-82MS bonyeza MODE mara mbili, kisha 1. Kwenye fx-82ES bonyeza SHIFT, MODE, kisha 3. Vikokotoo vya kuiga vinavyouzwa madukani mara nyingi hufuata mojawapo ya njia hizi mbili.

Aina ya ES ina mtego mwingine: ukibonya sin, inafungua mabano yenyewe. Mtoto anayetaka sin 30 × 12 na asifunge mabano anahesabu sini ya 360, anapata 0. Aidha afunge mabano, aidha aanze na 12.

Na majedwali ya hesabu bado yana kazi?

Yana kazi shule ikiwa haina vikokotoo vya kutosha, na yanaonyesha vizuri jinsi sini inavyopanda kutoka 0 hadi 1 huku kosini ikishuka. Mambo mawili tu ya kuangalia. Kwanza, safu ya tofauti za kosini hupunguzwa, haijumlishwi, kwa kuwa kosini inashuka pembe ikikua. Pili, nyuzi 35.4 ni nyuzi 35 na dakika 24, si dakika 40, kwa kuwa nyuzi moja ina dakika 60.

sin⁻¹ ni nini hasa? Wengine wanaiandika 1/sin.

Ile −1 si kipeo. Soma kwa sauti: “pembe ambayo sini yake ni…” Mkabala 3, haipotenusi 5: sin θ = 0.6, basi θ ni pembe ambayo sini yake ni 0.6, yaani nyuzi 36.9. Anayeandika θ = 1/sin 0.6 mrudishe kwenye michoro ya siku ya kwanza: tulianza na pembe tukapata uwiano, sasa tuna uwiano tunarudi kwenye pembe. Ni njia moja, kwenda na kurudi.

Pembe ikizidishwa mara mbili, sini inazidishwa mara mbili?

Hapana. sin 30 ni 0.5 lakini sin 60 ni 0.866. Ingekuwa mara mbili ingefika 1, na haipotenusi ingekuwa sawa na mkabala, pembetatu ingekuwa imejikunja kuwa mstari. Sini si namba inayozidishwa na pembe. “Sin” peke yake, bila pembe, haina maana. Mtoto anayefuta sin juu na chini kama herufi ya aljebra anahitaji kuambiwa hivyo waziwazi.

Nyuzi 30, 45 na 60 zikaririwe?

Zichorwe. Mraba wa upande 1 ukikatwa kona kwa kona unatoa 45, haipotenusi √2. Pembetatu ya pande sawa za 2, ikikatwa katikati, inatoa 30 na 60 zenye pande 1, √3 na 2. Mwanafunzi anayeweza kuchora michoro hii miwili kwa dakika moja hahitaji jedwali.

Tutengenezeje kifaa cha kupima pembe ya mwinuko nje ya darasa?

Kwa kila kikundi: kipimapembe kimoja cha nusu duara, mrija wa soda, uzi wa sentimita 30, nati moja ya chuma na gundi ya karatasi. Gundisha mrija kwenye ukingo ulionyooka, funga uzi katikati ya ukingo huo, ning’iniza nati upande wa pili. Ni timazi ya fundi mwashi iliyopewa namba. Kokoto nyepesi haifai; upepo unaupeperusha uzi.

Mtazamaji akiangalia mbele sawasawa, uzi unasoma 90. Kwa hiyo mwinuko ni 90 toa namba iliyosomwa. Wengi wanaandika 52 walipotakiwa kuandika 38. Mmoja atazame, mwingine asome uzi, wa tatu aandike; peke yako huwezi kufanya yote.

Mlingoti wa bendera: umbali mita 12, mwinuko nyuzi 38, jicho la mtazamaji mita 1.5 kutoka chini. 12 × tan 38 = 9.38, ongeza 1.5, mlingoti ni mita 10.9. Ile 1.5 ndiyo husahaulika.

Simama wapi? Mahali ambapo mwinuko unakaribia nyuzi 45. Hapo kosa la nyuzi moja linaharibu kimo cha juu ya jicho kwa asilimia 3.5 hivi. Ukisogea hadi mita 2.5 kutoka mlingoti huohuo, mwinuko unakuwa nyuzi 75, na kosa la nyuzi moja linaongeza sentimita 70 nzima. Mtoto yeyote asielekeze mrija kwenye jua.

Shule yetu iko mlimani. Uwanja hauko sawa.

Kabale, Kisoro na miteremko ya Mlima Elgon hili ni la kila siku. Nyoosheni kamba iliyolala sawa kwa pimamaji kutoka machoni mwa mtazamaji hadi mlingotini. Huo ndio umbali, si ule wa kufuata udongo. Pimeni pembe mbili: ya kupanda hadi kilele na ya kushuka hadi mguu wa mlingoti. Kimo ni umbali zidisha kwa jumla ya tanjenti mbili hizo. Kwa njia hii kimo cha jicho hakihitajiki tena.

Naweza kutumia kivuli badala ya kifaa?

Ndiyo, lakini chagua saa. Kijiti cha mita 1 kikiwa na kivuli cha mita 0.8, tanjenti ya mwinuko wa jua ni 1.25, mti wenye kivuli cha mita 7.2 wakati huohuo una kimo cha 7.2 × 1.25, mita 9.

Uganda inapitiwa na ikweta, kwa hiyo mifano ya vitabu vya nchi za mbali inaweza kukuangusha. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, Kampala, jua likifika kilele karibu saa saba mchana linakaa utosini na kijiti hakina kivuli cha kupima. Mwezi Juni saa hiyohiyo kivuli cha kijiti cha mita 1 ni sentimita 43 hivi kuelekea kusini. Desemba kinaelekea kaskazini. Fanya zoezi saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, na kijiti kisimamishwe kwa timazi.

Pembe ya mwinamo na ile ya uelekeo zinawasumbua.

Mwinamo, yaani pembe ya kutazama chini, hupimwa kutoka mstari uliolala machoni, si kutoka ukuta. Wachore mstari huo wa nukta kwanza, kila mara.

Uelekeo nao hupimwa kutoka kaskazini. Boti ikitoka gati la Ggaba kilomita 8 kwa uelekeo wa nyuzi 060 mchoroni, imekwenda kaskazini 8 × cos 60 = 4 na mashariki 8 × sin 60 = 6.93. Wengi wanabadilisha, wakiamini cos ni ya mstari uliolala. Kidole kwenye pembe kitasuluhisha: jirani hapa ni mstari wa kaskazini. (Atakayetazama ramani ataona kwamba Ziwa Victoria liko kusini mwa Ggaba, mwache abadilishe uelekeo na arudie hesabu. Ni zoezi zuri.)

Wanakadiria namba mapema mno. Kuna ubaya?

Upo, hasa wakigawa kwa namba ndogo. 20 ÷ cos 81 ni 127.8. Akiandika cos 81 kuwa 0.16, anapata 125. Abaki na desimali nne hadi mstari wa mwisho.

Nitungeje swali linalofaa mtaala mpya?

Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020, ambao UCE (mtihani wa taifa wa mwisho wa S4) yake ya kwanza ilifanywa 2024, unadai mwanafunzi atumie maarifa katika hali halisi. Swali lisitaje sini wala tanjenti. Kwa mfano: mlingoti wa antena wa mita 24 utashikiliwa na waya nne kutoka kileleni, upande wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, kila waya ikifanya nyuzi 52 na ardhi. Kiwanja ni mraba wenye upande wa mita 36, mlingoti uko katikati. Waya huuzwa kwa mizingo ya mita 50, kila waya inahitaji mita 1 ya kufungia, na haziruhusiwi kuungwa. Mshauri mwenye kiwanja.

Waya moja ni 24 ÷ sin 52 = mita 30.5, na mguu wake uko 24 ÷ tan 52 = mita 18.8 kutoka mlingotini. Nusu ya kiwanja ni mita 18. Haitoshi, na mwanafunzi anayesimama kwenye 30.5 hajajibu swali. Anayeendelea atapendekeza mguu uwe mita 18, ataona pembe inakuwa nyuzi 53.1 na waya inakuwa mita 30 kamili. Kuhusu mizingo, wengi watajumlisha mita 124 na kusema mizingo mitatu. Lakini mzingo wa mita 50 unatoa kipande kimoja tu cha mita 31, na mita 19 zinazobaki hazifiki popote. Ni mizingo minne. Mpe alama anayeeleza kwa nini, hata kama desimali yake imeteleza.